Ncha Inayotii Mkono

Daktari husimama kando ya nyonga ya mgonjwa, lakini kazi yake iko moyoni. Mkononi ameshika katheta, mpira wa urefu wa kama mita moja na unene wa milimita 2 hivi, ulioingizwa kupitia tundu dogo kwenye mshipa wa paja. Kinachomwongoza ni kivuli kwenye skrini ya eksirei. Mlango anaoutafuta una upana wa milimita chache, na moyo haukomi kudunda.

Kamba huvutwa, haisukumwi. Mpira ukiwa laini mno hujikunja njiani; ukiwa mgumu mno hutoboa mshipa. Kwa hiyo mafundi huufanyia tabaka: ndani utando unaoteleza, katikati wavu wa nyuzi nyembamba za chuma, nje plastiki iliyo ngumu kuelekea shinani na laini kuelekea nchani. Wavu huo ndio unaobeba msokoto wa vidole hadi mwisho wa safari.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, Werner Forssmann alijipitishia mpira wa njia ya mkojo kwenye mshipa wa mkono wake, kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupiga picha kuthibitisha kwamba umefika moyoni. Hakuwa na usukani. Mshipa wenyewe ndio uliompeleka.

Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger alitoa utaratibu unaotumika hadi leo: sindano iingie, waya upite ndani yake, sindano itolewe, mpira uteleze juu ya waya. Huko Portland, Marekani, Charles Dotter aliutumia mwaka 1964 kuzibua mshipa wa mguu wa bibi mwenye miaka 82. Vidole vilikuwa vimeshikwa na donda ndugu, naye alikataa kukatwa mguu. Mguu ulipona.

Kisha likaja suala la umbo. Mwaka 1967 Melvin Judkins alieleza katheta zilizopindwa mapema, moja kwa mshipa wa kushoto wa moyo, nyingine kwa wa kulia, ili ncha ijitafutie mlango wake yenyewe. Lakini umbo lililokwisha kuamuliwa linafaa njia zinazofanana. Mgonjwa mwenye mishipa iliyopinda kivyake huhitaji jingine.

Ndiyo maana ikabuniwa katheta ya kuongozwa. Ndani ya ukuta wake hupita waya mwembamba uliofungwa kwenye pete karibu na ncha. Daktari anapozungusha kirungu cha kishikio, waya huvutwa na ncha hupinda papo hapo, ndani ya mwili. Wanaotibu mapigo ya moyo yasiyo sawa huitumia kugusa ukuta wa moyo hapa na pale, wakitafuta penye hitilafu, kisha huunguza sehemu ndogo tu. Wanaotibu vali inayovuja hupenya ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, kisha huielekeza ncha chini, vali ilipo. Kona kama hiyo mpira wa kawaida hauikati.

Forssmann alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Waliofuma wavu wa chuma na kuunganisha waya zile hawajulikani sana kwa majina, ingawa bila wao mkono wa daktari ungeishia pajani. Historia ya tiba inapoandikwa, nao waandikwe.