Uongo Mbili na Treni Moja

Treni ya laini ya Yokosuka hutoka Tokyo na kufika Kita-Kamakura kwa muda usiotimia saa moja. Jumamosi ile sikuwa na ratiba. Nilikuwa na mkate wenye maharage matamu ndani, chupa ya chai, na filamu moja iliyokuwa inanisumbua kichwani: Banshun, aliyoiongoza Yasujiro Ozu mwaka 1949.

Filamu inaanzia hapohapo, stesheni ya Kita-Kamakura. Reli, vibao, miti, kisha wanawake waliokusanyika kwa sherehe ya chai. Noriko, msichana wa miaka 27, anaishi na baba yake mjane, Profesa Somiya. Anampikia, anamfulia, anamtafutia vitu vyake. Hataki kuolewa. Shangazi anasukuma posa, binti anakataa, na mwishowe baba anatunga uongo: anasema naye anataka kuoa tena. Noriko anaamini kwamba nafasi yake nyumbani imekwisha, anakubali kuolewa.

Humo katikati kuna kipande kifupi ambacho hakina tukio lolote. Baba na binti wanapanda treni kwenda Tokyo. Behewa limejaa, wamesimama. Baadaye baba anapata kiti, binti anaendelea kusimama. Hakuna anayesema jambo la maana. Nilikikumbuka nikiwa kwenye reli ileile, na nikaona Ozu alichokuwa anafanya: anatuonyesha furaha kabla hatujajua kwamba ni furaha. Watu wawili wanaopendana wanasafiri pamoja, basi. Tutakapotambua thamani ya safari hiyo, itakuwa imeshapita.

Nikashuka. Hekalu la Engaku-ji liko hatua chache tu kutoka stesheni. Lilianzishwa mwaka 1282, baada ya uvamizi wa Wamongolia, kwa ajili ya kuwaombea waliokufa pande zote mbili. Reli iliyojengwa mwaka 1889 ilikata eneo la hekalu, kiasi kwamba bwawa lake la mbele limebaki upande mmoja na lango upande mwingine. Unasubiri treni ipite ndipo uvuke ukasali. Nilikaa kwenye ngazi nikila mkate wangu, nikihesabu treni. Nilipita nne ndipo nikainuka.

Wengi huisoma Banshun kama sifa kwa mzazi anayejinyima. Usomaji huo una msingi. Kamera ya Ozu iko chini, kama jicho la mtu aliyekaa mkekani, na ukiwa umekaa mkekani na mzee ni vigumu kumhukumu. Lakini itazame tena ile safari yao ya mwisho, kule Kyoto. Wanafungasha mizigo. Noriko anamsihi baba waendelee kuishi kama walivyo, hata akioa mke mwingine. Baba anamjibu kwa hotuba ndefu: furaha haiji yenyewe, hujengwa, na ndoa huchukua miaka. Kisha anataja ushahidi wake. Mama yako, anamwambia, mara nyingi nilimkuta akilia jikoni.

Mara ya kwanza niliposikia maneno hayo nilisimamisha filamu. Machozi ya mke aliyekufa yanatolewa kama sababu ya binti kwenda kuolewa! Noriko anafanya nini? Anatabasamu. Anaomba radhi kwa ubinafsi wake, anaahidi kuwa mke mwema. Setsuko Hara anatabasamu sana katika filamu hii, lakini tabasamu hilo moja mimi siliamini. Ndiyo maana nasema Banshun ina uongo mbili, na tumezoea kuuona mmoja. Baba anadanganya ili binti aende. Binti anadanganya kwamba amekubali, ili baba asijute.

Hapo ndipo kasoro ya filamu ilipo, kama ni kasoro. Uongo wa baba unapata nafasi ya kuungamwa: usiku wa harusi, akiwa baa, anakiri kwamba hajawahi kusema uongo mkubwa kama ule. Anarudi nyumbani, anaketi peke yake kumenya tofaa, kichwa kinainama, na tunalia naye. Noriko hapewi usiku wake. Harusi hatuioni, bwana harusi hatumwoni. Tunamwona amevaa vazi la arusi, kisha tunaachiwa chumba kitupu na kioo. Upweke wa anayebaki umechorwa kwa upole mkubwa, lakini wa anayeondoka umeachwa nje ya mlango.

Huenda nina upendeleo. Mimi ndiye niliyeondoka. Nilipopata nafasi ya kusoma Japani, mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nikataka kuahirisha. Baba akanipigia kutoka Korogwe: "Nenda mwanangu, shangazi yako anahamia hapa." Nikaja. Miezi mitatu baadaye jirani akanidokeza kwamba shangazi hajawahi kulala pale hata usiku mmoja.

Kaburi la Ozu liko humohumo Engaku-ji. Alifariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Hakuoa, na aliishi na mama yake hadi mama alipofariki mwaka 1962. Juu ya jiwe hakuna jina, kuna herufi moja tu yenye maana ya utupu. Wageni huacha chupa za pombe. Mimi nilikuwa na chai tu. Nikasimama nikiwaza kwamba mtu huyu alikuwa yule anayebaki, na alitengeneza filamu anayoijua.

Kwenye treni za Japani watu hawaongei na simu, kwa hiyo nilipiga nikiwa kwenye benchi la stesheni. Ilikuwa saa kumi jioni, Korogwe saa nne asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi yupo?"

Akanyamaza kidogo. "Ametoka, kaenda sokoni."

Treni ya Tokyo ikaingia, milango ikafunguka. Nikaiacha ipite.

"Haya baba," nikasema. "Akirudi, msalimie."