Picha ya Washauri na Shauri Lisiloonekana

Desturi ya ofisi za serikali nchini Tanzania, toka Ikulu hata ofisi ya kata huko Mwamanyili mkoani Simiyu, ni kutundika ukutani picha ya Rais. Washauri wake hawamo. Huonekana katika picha nyingine za serikali: meza ndefu, Rais kichwani pa meza, nao kandoni mwake wameinamia karatasi. Kalamu zaandika, midomo imefumba. Mtazamaji huonyeshwa utii, naye huambiwa kuwa ndiyo kazi ya ushauri.

Picha iliyosifiwa kwa kuiacha desturi hiyo ni ile aliyoipiga Pete Souza katika Ikulu ya Marekani tarehe 1 Mei 2011, wakati wa kushambuliwa maficho ya Osama bin Laden. Kichwani pa meza ameketi jenerali Marshall Webb. Rais Obama yuko pembeni, amejikunyata, atazama kama wenzake. Sifa hiyo ni ya haki, kwani mamlaka yake hayakuhitaji kiti kikubwa. Lakini hata hapo karatasi iliyo mbele ya Hillary Clinton ilifutwa maandishi kabla ya picha kutolewa. Tena, wanaoonekana hawashauri. Shauri lilikwisha, amri ilikwisha kutolewa. Waliobaki ni watazamaji.

Hapo ndipo penye upungufu wa sanaa hii. Joan Wicken alimsaidia Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1960, kwa miaka mingi, hata katika kutayarisha hotuba zake. Kazi ya kupima neno na kupinga hoja haina umbo la kuipendeza kamera.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Usukuma. Kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963, mtemi alikuwa na banang'oma, wazee waliomchagua na kumshauri; cheo chao kilijulikana. Miaka kumi baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kuwa kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Ni nani aliyelishauri jambo hilo, na ni nani aliyelipinga? Picha ya meza ndefu haiwezi kujibu.

Basi yapasa picha ya namna hii isiachwe peke yake. Chini yake yaandikwe majina ya wote waliomo, tarehe, na shauri lililokuwa mezani. Na kumbukumbu za kikao zihifadhiwe, zifunguliwe wakati wake ukifika. Mkulima wa pamba wa Mwamanyili, ambaye maamuzi ya meza ile humfikia shambani, hatatosheka kuujua uso wa aliyeamuru. Ana haki ya kuyajua pia maneno yaliyosemwa kabla ya amri.