Kujua Si Kufundisha: Piramidi ya Miller mbele ya maji ya Wagenia



Ukisimama pale Wagenia unaona miti imesimikwa ndani ya maporomoko, imefungwa kwa kamba za msitu, na vikapu vikubwa vya kutegea samaki vinaning'inia. Mtoto wa pale hapewi silabi. Anafuata wakubwa, anashika kamba, anakosea, anarekebishwa palepale.

Mwaka 1990 docta Mmarekani, George Miller, aliandika makala fupi katika jarida la Academic Medicine. Alichora piramidi ya ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha unavyofanya, na kufanya kweli kazini. Mtihani wa karatasi unapima ngazi za chini tu. Mgonjwa anakutana na ile ya juu. Hapo Miller alisema kweli kabisa.

Lakini piramidi yake inamtazama anayepimwa tu. Anayemfundisha, nani anampima? Hapa kwetu, kwa desturi, mwenye diploma ya chuo kikuu akitaka kufundisha sekondari anaombwa agregasio, masomo ya ualimu. Docta bingwa anapewa wanafunzi kando ya kitanda, basi. Juu ya nini? Tunadhani anayejua kupasua anajua pia kufundisha kupasua.

Mimi nikiwa staji, niliulizwa swali mbele ya mgonjwa. Nikakosa, watu wakacheka. Siku ile nilijifunza jambo moja: kunyamaza. Na docta anayenyamaza wakati hajui ni hatari kuliko anayeuliza.

Tusiipambe Wagenia kupita kiasi. Samaki akiponyoka leo, kesho kuna mwingine. Mgonjwa si samaki. Hatuwezi kumwacha mwanafunzi ajifunze kwa kukosea mwilini mwa mtu. Ndiyo maana docta anahitaji ufundi wa ualimu: kugawa kazi kwa hatua, kumwangalia mwanafunzi akifanya, kumwonyesha kosa bila kumvunja moyo. Hayo yanafundishika, kama vile kushona kidonda.

Naomba hivi: katika masomo ya ubingwa, kila docta afundishe mbele ya mwenzake, kisha aambiwe wazi alivyofundisha. Ni ngazi ya nne ya Miller, safari hii kwa mwalimu. Haihitaji mashine wala pesa ya wafadhili. Inahitaji saa moja kwa wiki, na docta mkubwa akubali naye kurekebishwa. Hilo la pili ndilo gumu.