Dadu Tatu kwa Mbili: Mchezo wa Risk Mbele ya Utenzi wa Hemedi

Wapo wanafunzi wenzangu wa fasihi wanaoamini kwamba matini ni kitabu tu. Mimi nasema ubao wa Risk, huu unaokesha nao watu bwenini, nao ni matini: una msimulizi, una mtazamo, na una uongo wake. Katika makala haya nauhakiki kando ya Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, maana vyote viwili vinasimulia jambo lilelile, yaani kuteka nchi.

Mchezo huu ulibuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse, mtengenezaji wa filamu, ukatoka mwaka 1957. Dunia imegawanywa majimbo 42. Afrika ina 6, na Afrika Mashariki yote ni jimbo moja. Kwa kanuni za kawaida mshambulizi hurusha hadi dadu tatu, anayejilinda hadi mbili. Kubwa hupambana na kubwa, na zikilingana anayejilinda ndiye mshindi. Hapa ndipo penye utamu wa fani yake. Wakirusha moja kwa moja, katika matokeo 36, matokeo 21 ni ya anayejilinda. Tatu kwa mbili mambo hugeuka: katika matokeo 7,776, mvamizi huua wawili mara 2,890 na kupoteza wawili mara 2,275, yaliyobaki kila upande hupoteza mmoja. Kwa hiyo mchezaji mjanja harushi kwa hasira. Hurundika askari mpakani mahali pamoja, hupiga kwa dadu tatu, na askari wakipungua huacha. Anayefululiza jimbo baada ya jimbo huku akibakiza askari mmoja mmoja nyuma, bwana, atanyang'anywa yote.

Na hapo, tuwe wakweli, mchezo umefaulu. Agosti 1888 kampuni ya Wadachi ilipandisha bendera katika miji ya Mrima ikiwa na watu wachache tu kila mji. Kilwa walikuwapo wawili, wakauawa Septemba. Ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam basi. Wissmann alipokuja 1889, na askari Wasudani walioandikishwa Misri na wengine wa kutoka Msumbiji, hakutawanya jeshi. Mei alipiga boma la Abushiri karibu na Bagamoyo, Juni Sadani, Julai Pangani na Tanga. Mchezaji yeyote wa bwenini angemwelewa.

Lakini dadu haijui forodha. Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia saini mkataba, kampuni ikapewa utawala na ushuru wa pwani; vita vinaanzia hapo, kwenye karatasi ya Unguja. Ubaoni Unguja haipo! Wala manowari hazipo, ilhali Septemba 1888 ni wanamaji wa Leipzig walioshuka Bagamoyo wakaizuia isichukuliwe. Kwa Hemedi watu wana majina, wanasema, wanajibizana. Naye anasimulia akiwa mtu wa Mrima, upande wake haufichi. Katika Risk askari ni kipande cha rangi, akifa hurudishwa boksini.

Kuna aliyedai kwenye semina kwamba utenzi na mchezo vinasema neno moja, bahati. Sikubaliani naye hata kidogo. Kudura ya muumini ina Mwenyewe, na mja huulizwa alitenda nini chini yake. Dadu haimuulizi mtu kitu.

Kama tunatafuta mchezo unaosimulia uvamizi ule vizuri zaidi, wala hatuna haja ya kwenda mbali, tukae barazani tuutazame bao. Bao halina dadu, na kete zilizoliwa hazitoki mchezoni. Aliyezila huzipanda upande wake, zikamshambulia aliyekuwa nazo. Sasa tazama: Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, Bwana Heri wa Sadani akasalimu amri mwaka uliofuata, kisha Wadachi wakaitawala pwani kwa maliwali na maakida, wengi wao watu wa pwani wenyewe. Mcheza bao angeitambua mara moja namna hiyo ya kula. Mcheza Risk angekuwa bado anahesabu waliorudishwa boksini.