Pimamaji ya Kichwani

Baba yangu ameashi Mji Mkongwe zaidi ya miaka arobaini, na muda wote huo sikupata kumwona akishika ukuta ila kwa kuukagua. Kwa hiyo asubuhi nilipomkuta ukumbini anaupapasa kwa viganja, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani, nilijua kuna jambo.

"Si lolote," alisema. "Kisunzi tu."

Kisunzi hicho kilikaa naye mwaka na ushei. Kilimpata alfajiri akijigeuza kitandani. Kilimpata akitoka kwenye sijda. Kilimpata kazini akiinua uso kutazama boriti, na siku hiyo alishuka jukwaani, akafunga mwiko wake kwenye gunia, asipande tena. Alipimwa presha, sukari, malaria, wingi wa damu, vyote salama. Akapewa vidonge, akavimeza mpaka akawa anasinzia barazani saa nne asubuhi. Jirani mmoja alisema ni utu uzima, mwingine akataja majini kwa sauti ya chini. Mimi nilishikilia ni presha, kwa kuwa kwetu presha hubebeshwa kila mzigo usio na mwenyewe.

Lugha nayo haikutusaidia. Kizunguzungu ni mkeka ulioenea chumba kizima: anaukalia mwenye njaa, anaukalia aliyesimama ghafla akaona giza, aliyepungukiwa na damu, anayehisi anaelea kama yumo mashuani, na yule anayeona chumba kikizunguka kama pangaboi. Wote hawa humwambia daktari neno moja, na daktari mwenye foleni ndefu huliandika neno hilo hilo.

Aliyeukunja mkeka huo alikuwa binti wa tiba ya mazoezi ya viungo, mwenye ushungi wa kijivu na viatu vya raba, katika chumba chenye kitanda kimoja na dirisha lisilofunga vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kikikujia, ni chumba kinachozunguka au ni wewe unayeyumba?"

"Chumba."

"Kwa muda gani? Ungesoma Alhamdu mara ngapi?"

Baba alifikiri. "Mara mbili. Ya tatu huwa kimekwisha."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Binti akaendelea: sikio linavuma? Upande mmoja husikii vizuri? Kinakuja ukiwa umetulia, au mpaka usogeze kichwa? Kisha akamwambia atabasamu, anyooshe mikono mbele, afuatishe kidole kwa macho, aseme jina lake, atembee hatua kumi. Nilidhani ni mazungumzo ya kumtuliza mzee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatafuta kiharusi. Kizunguzungu kinachozuka ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea au miguu kukataa kusimama, hicho si cha chumba cha mazoezi. Ni cha kukimbizwa hospitali saa ile ile. Nusu ya ufundi wake ilikuwa kujua ni nani asimguse.

"Kazi yako, baba?"

"Muashi."

"Basi wewe nitakueleza upesi."

Ndani kabisa ya kila sikio, akasema, mna mifereji mitatu myembamba iliyopinda, yenye maji, imekaa kwa pembe kama pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Hizo ndizo pimamaji zako. Ukigeuza kichwa, maji huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakouambia ubongo kwamba umegeuka. Pembeni yake mna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno, vimelalia ute, vinavuta kuelekea chini. Hayo ndiyo matimazi yako.

"Vijiwe vya nini?"

"Vya jamii ya chokaa."

Baba alicheka, mara ya kwanza kwa wiki kadhaa. Mzee huyu amechoma matumbawe kwenye tanuu tangu ujanani, na sasa anaambiwa kwamba kilichomwangusha ni jiwe la jamii ile ile. Nami nilikwenda kuhakikisha: vijiwe hivyo ni kalisi kaboneti, kama yalivyo matumbawe kabla hayajapita motoni. Kweli, mfano wa binti una upungufu wake, kwa kuwa pimamaji ya fundi hupima ulalo, na mifereji hiyo hupima mzunguko. Lakini ulimfikisha baba alipotakiwa kufika. Vijiwe vikibanduka mahali pake, kwa umri, kwa kugongwa kichwa, au bila sababu inayojulikana, vinaweza kudondokea mferejini. Kichwa kikisogea, vinabingirika na kuyasukuma maji. Kichwa kikisimama, vyenyewe havijasimama. Pimamaji inasema nyumba bado inazunguka, macho yanasema hapana, na tumbo linachafuka katikati ya ugomvi huo.

Kisha akamkalisha kitandani, akamgeuza uso nusu kuelekea kulia, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. "Usifumbe macho, baba. Hata kikija, nitazame mimi."

Kwa pumzi mbili tatu hapakuwa na kitu. Halafu macho ya baba yakaanza kurukaruka kwenda juu huku yakijisokota, na yeye akamkamata binti mkono kwa nguvu za mtu anayeanguka kutoka juu ya paa. Nilitaka kumwinua. Binti hakutikisika. Alikuwa anayasoma yale macho kama nahodha anavyosoma maji, upande yanaporukia, muda yanaochukua, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"La kulia," alisema.

Macho yalipotulia, akakizungusha kichwa kuelekea kushoto, akasubiri. Akamwambia baba alalie bega la kushoto, uso ukielekea sakafuni, akasubiri tena. Mwisho akamkalisha, kidevu kikiwa kimeinama. Dakika tano hazikufika. Vijiwe vilikuwa vimeviringishwa kona kwa kona, kwa uzito wao wenyewe, mpaka vikatoka mferejini na kurudi kwenye kifuko. Katika shughuli nzima sikumwona akiangalia mikono yake hata mara moja.

Namna ya kumlaza mgonjwa na kumtazama macho iliandikwa na madaktari Margaret Dix na Charles Hallpike, London, mwaka 1952. Ikawa ugonjwa unatambulika, lakini kwa miaka mingi mgonjwa aliishia kuambiwa avumilie. Daktari mmoja wa Portland, Marekani, John Epley, alianza kuwaonyesha wenzake hivi vituo vya kuzungusha kichwa mwaka 1980. Wengi walimcheka, majarida yakamrudishia maandishi yake, ripoti yake ikachapishwa mwaka 1992. Kisa hicho kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Ingekuwa kidonge, nadhani kingeaminiwa upesi zaidi.

Baada ya ziara ya pili chumba kiliacha kuzunguka. Lakini baba hakurudi kuwa baba. Ukuta alikuwa bado anaushika, na shingo ameikaza, macho mbele, mabega juu, kama aliyebeba mtungi wa maji usioonekana. Alikuwa amejifunza kutosogeza kichwa, na kichwa kisichosogea husahau kazi yake. Hapo ndipo niliposhuhudia sehemu ya pili ya ufundi, isiyo na miujiza, na ninayoiheshimu zaidi.

Binti alibandika ukutani karatasi yenye herufi B. Baba aitazame, huku akitikisa kichwa kama anayekataa, na herufi isiruke. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi: tikisa kichwa huku ukisoma mstari huu, maneno yanatulia; tuliza kichwa utikise ukurasa, yanavurugika. Kazi hiyo hufanywa na sikio, linaloyasukuma macho kinyume na mwendo wa kichwa kwa muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Baba alipoanza, B iliruka. Baada ya wiki tatu ilikaa.

Halafu akamsimamisha juu ya godoro la sponji lililokunjwa, miguu pamoja, kwanza macho wazi, kisha amefumba. Akamtembeza ushorobani, kisigino mbele ya kidole, huku akimwita kutoka kulia na kushoto ili ageuke. Nilikuwa nimezoea kwamba tiba humwondolea mgonjwa kero. Huyu alikuwa anampimia baba kizunguzungu na kumlisha kidogo kidogo. "Kikipanda halafu kikashuka ukipumzika, sawa. Kikikaa nawe mpaka magharibi, tumezidisha." Baba alielewa kuliko mimi. Chokaa mbichi nayo humwagiwa maji kwa kiasi. Ukiiharakisha inakurukia usoni. Kuhusu vidonge, binti alimwandikia daktari vipunguzwe, kwa kuwa vikizoeleka huuzubaisha ubongo, nao unahitaji kuwa macho ili ujifunze.

Si ufundi mpya. Uingereza ya miaka ya 1940, madaktari Cawthorne na Cooksey waliwapa watu walioumia kichwa, wanajeshi wakiwemo, mazoezi ya namna hii: kuzungusha macho, kuinama kuokota vitu, kurusha mpira mkono hadi mkono, kupanda na kushuka mteremko. Walikuwa wameona kwamba anayejisogeza hupona mapema kuliko anayejilaza.

Kilichonibakia zaidi ni mkono wake wa kushoto. Baba alipotembea, mkono huo ulimfuata nyuma ya mgongo, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye shati, haumgusi. Aliyumba, ukasogea. Akajikamata mwenyewe, ukarudi nyuma. Sijui inachukua miaka mingapi kuufundisha mkono subira ya namna hiyo, maana wangu ulikuwa unawasha kwenye kiti nilichokaa.

Baada ya Idi kisunzi kilirudi, kama ambavyo hurudi kwa wengi. Safari hii hakuna aliyetaja presha. "La kulia tena," baba alisema akiwa bado kitandani, na siku ile ile tukaenda, tukarudi.

Juzi alitaka kupanda juu kutazama dari inayovuja. Ngazi za nyumba yetu ni za zamani, zimesimama wima kama zilijengwa kwa ajili ya paka. Nilimfuata nyuma. Kwenye kidato cha tano aliinua uso kuitazama dari, mwili ukasita, nami nikamdaka kiunoni.

Alisimama. Hakugeuka.

"Toa mkono," alisema. "Yule mtoto hakunishika."

Nikautoa. Nikauacha hewani, vidole vitatu kutoka kwenye shati, na baba akapanda cha sita.