Nyumba Iliyobaki, Mtaa Usiokuwapo

Anayeendesha gari siku nzima kutoka Parktown hadi Soweto, akisimama njiani kwenye makumbusho madogo na nyumba za kihistoria za Johannesburg, hurudi jioni akiwa amesikia habari nyingi za wenye nyumba na chache mno za majirani zao. Kasoro hiyo haijahakikiwa vya kutosha. Makumbusho makubwa ya jiji hilo yamepata wahakiki wake. Makumbusho ya Apartheid, yaliyofunguliwa 2001 ubavuni mwa kasino, yamesemwa sana kwa ujirani huo wa ajabu. Nyumba ndogo husamehewa. Mgeni huingia jikoni mwa mtu, huona kitanda chake, na moyo humlainika kabla hajauliza anasimuliwa nini.

Msomaji aliyelelewa na miji ya pwani ana kipimo cha kuulizia. Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja haikujengwa isimame peke yake. Inaegemea ukuta wa jirani, ina baraza ya kukalisha wapitao, na huko Lamu wikio huvuka juu ya kichochoro kuziunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Kuihifadhi nyumba kama hiyo bila mtaa wake ni sawa na kuhifadhi ubeti mmoja wa utenzi: vina vya kati vitaonekana, lakini kile kituo cha mwisho kinachozifunga beti zote pamoja hakitakuwa na kinachoitikiana nacho. Kwa kipimo hicho nyumba za Johannesburg zinatofautiana kuliko vijitabu vya watalii vinavyokiri.

Parktown haihitaji kukaliwa sana. Northwards, jumba ambalo Herbert Baker alimchorea tajiri wa madini John Dale Lace mnamo 1904, limejengwa kwa mawe juu ya ukingo wa kilima na kuelekezwa kaskazini, kama jina lake linavyotamka. Migodi iliyolipia mawe hayo iko kusini, mgongoni. Msanifu alijua alichokuwa akikifanya, na ustadi wake haukanushiki; ndiye aliyekuja baadaye kuchora Ikulu ya Nairobi, kwa hiyo Mkenya anayesimama mbele ya kuta za Parktown ana haki ya kuhisi kwamba amewahi kuuona mkono huo. Ni majumba yaliyokusudiwa kutokuwa na majirani, na hilo angalau yanalisema bila unafiki.

Umbali mfupi kutoka hapo, kwenye Barabara ya Pine huko Orchards, ipo nyumba ambamo Gandhi aliishi na rafiki yake, msanifu Hermann Kallenbach, mwaka 1908 na 1909. Kallenbach aliichora kwa kuiga msonge wa Kiafrika, akaiezeka kwa nyasi, na wakazi wake wakaiita Kraal. Wanaoijua pwani watakumbuka kwamba kijana huyo wa Kigujarati, alipokuwa njiani kwenda Natal 1893 kuitumikia kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Leo nyumba hiyo ni makumbusho na pia nyumba ya wageni, iliyonunuliwa na kampuni ya utalii ya Ufaransa na kufunguliwa 2011. Ukimya wake ni mzuri. Ila kuna jambo gumu kumeza katika kulipia usiku mmoja wa ufukara wa hiari wa mtu mwingine. Na gumu zaidi ni hili: nyumba ilikopa umbo la makao ya Mwafrika wakati ambapo mwenyeji wake, katika maandishi yake ya miaka hiyo, hakuwa tayari kumhesabu Mwafrika kuwa mwenzake katika madai ya haki. Hapa msonge ni pambo. Jirani mwenye umbo hilo hakualikwa ndani.

Liliesleaf, huko Rivonia, ndiyo nyumba ya kwanza katika safari hii inayogeuza ramani. Shamba hilo lilinunuliwa kwa siri 1961 na Chama cha Kikomunisti, likakaliwa na familia ya Kizungu ya Arthur Goldreich kama pazia, na tarehe 11 Julai 1963 polisi wakalivamia na kuwakamata viongozi waliofikishwa mahakamani katika kesi iliyobeba jina la kitongoji hicho. Katika shamba hili mgeni anayeenda moja kwa moja kwenye jumba kubwa amekosea mlango. Historia ilifanyika uani, katika vyumba vya watumishi. Mandela aliishi humo akijiita David Motsamayi, amevaa ovaroli ya buluu ya kibarua, na kinga yake kuu haikuwa bastola aliyopewa Ethiopia 1962, ambayo ilifukiwa shambani na haijapatikana hadi leo. Kinga yake ilikuwa mazoea ya jiji zima ya kutomtazama usoni mtu aliyeshika fagio. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayekijua kile chumba cha nyuma ya nyumba kilichoitwa cha boi, kwa dharau iliyozoeleka hadi ikawa msamiati wa kawaida, atauelewa ujanja huo bila kuelezwa. Ni nadra kwa nyumba ya kumbukumbu kuwa na kitovu chake katika chumba ambacho mchoraji ramani alikiweka pembeni kisionekane. Maonyesho ya Liliesleaf yana vifaa vingi kupita kiasi, lakini jengo lenyewe linasema kweli.

Safari ikigeukia kusini, kabla ya kufika Soweto, kuna Pageview, ambayo wenyeji huiita Fietas pamoja na Vrededorp. Mtaa wa 14 ulikuwa soko lililojulikana jiji zima, maduka ya Wahindi chini na makao juu, hadi Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilipowang'oa wenye maduka na kuwasukuma Oriental Plaza huko Fordsburg, na familia zao Lenasia. Makumbusho ya Fietas yamo katika mojawapo ya nyumba chache ambazo hazikubomolewa. Hakuna jina kubwa mlangoni. Ndani kuna picha, vyombo na kumbukumbu za watu ambao hakuna kitabu cha shule kinachowataja, na nje, pande zote, kuna viwanja vitupu vilivyoota majani. Viwanja hivyo ni sehemu ya maonyesho hata kama hakuna aliyevitia katika orodha. Anayetoka mlangoni akaitazama nafasi kati ya nyumba na nyumba ameshasoma nusu ya habari.

Kisha Orlando West, Mtaa wa Vilakazi, nambari 8115. Kwa idadi ya mabasi, hii ndiyo nyumba kuu ya safari, na ndiyo inayostahili kuhakikiwa kwa ukali zaidi kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi. Ni nyumba ya matofali isiyo na ghorofa, ya aina iliyoitwa kiberiti kwa udogo wake. Mandela alihamia humo 1946 na mkewe wa kwanza, Evelyn Mase, muuguzi. Katika tawasifu yake ya 1994 anaieleza bila mapambo: paa la bati, sakafu ya saruji, jiko jembamba, choo cha ndoo nyuma, na chumba cha kulala ambamo kitanda kilijaza sakafu karibu yote. Anasema pia kwamba ilifanana na mamia ya nyumba nyingine zilizojengwa kwa ramani ileile. Sentensi hiyo ndiyo makumbusho yenyewe yanayoshindwa kuisema. Kilichokuwa cha maana katika 8115 ni kufanana kwake na 8114 na 8116. Lakini vyumba vimejazwa vitu vya maisha yaliyokuja baada ya nyumba: shahada za heshima, tuzo, hata mkanda wa ubingwa wa bondia Sugar Ray Leonard. Mtu aliyerudi humo Februari 1990 na kulala siku kumi na moja tu kabla ya kuhama kabisa amerudishiwa nyumba kwa vitu ambavyo havikupata kukaa naye humo.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la sarufi. Inaitwa Nyumba ya Mandela, na kiunganishi hicho kidogo cha umiliki kimebeba mzigo mkubwa. Kisheria mwenye nyumba alikuwa halmashauri ya jiji. Mwafrika wa Orlando alikuwa mpangaji, awe wakili au mzoa taka. Kimaisha, aliyekaa humo muda mrefu zaidi ni Winnie Madikizela-Mandela, aliyeingia 1958, akabaki na watoto mumewe alipofungwa, akafukuziwa Brandfort 1977, akarudi miaka ya 1980. Matundu ya risasi na alama za moto kwenye kuta ni za miaka yake. Na nyumba ilipochomwa Julai 1988 hawakuichoma polisi. Waliichoma wanafunzi wa jirani, katika ugomvi na vijana wa klabu ya mpira iliyokuwa chini ya ulezi wake. Hapo ndipo mtaa ulipoingia ndani ya nyumba hii kwa nguvu kuliko wakati wowote, na hapo ndipo simulizi ya kishujaa inapotaka kupita haraka. Ukarabati uliokamilika 2009 umefanywa kwa heshima, na alama zimeachwa ukutani. Kilichokosekana ni ujasiri wa kumwambia mgeni kwamba si kila alama iliachwa na adui.

Inafaa kutaja, kwa kuwa hakuna anayeuliza pale penye mikahawa, kwamba mtaa huo umepewa jina la Benedict Wallet Vilakazi, mshairi wa Kizulu, mwalimu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand na mshiriki wa C. M. Doke katika kamusi ya Kizulu na Kiingereza. Mtalii hupewa habari kwamba ni mtaa wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel, Mandela na Tutu, na hiyo ni kweli. Mshairi amebaki kuwa kibao cha barabara. Wakazi wa Dar es Salaam wanaopita Mtaa wa Shaaban Robert kila asubuhi bila kumkumbuka mwandishi hawana haki ya kucheka.

Anayerudi kaskazini jioni na apitie Sophiatown, Mtaa wa Toby, nambari 73. Nyumba hii ilijengwa 1935 na Dakta A. B. Xuma, aliyesomea udaktari Marekani na kuongoza chama cha ANC kuanzia 1940 hadi 1949. Aliiita Empilweni. Sophiatown, mji uliopewa jina la mke wa Mzungu aliyeuza viwanja vyake, ulikuwa miongoni mwa mahali pachache jijini ambapo Mwafrika aliweza kununua ardhi iwe yake. Xuma hakuwa mpangaji. Kiunganishi cha umiliki, kwake, kilikuwa na hati. Hiyo ndiyo sababu serikali haikuuvumilia mji huo. Tarehe 9 Februari 1955 malori yalianza kuwapeleka watu Meadowlands, ambako waligawanywa kwa makabila, na nyumba zao zikavunjwa moja baada ya nyingine. Kitongoji cha Wazungu kilichojengwa juu ya vifusi kikaitwa Triomf, yaani ushindi. Jina la zamani lilirudishwa 2006. Nyumba hazikurudi.

Empilweni ilinusurika, pamoja na nyingine chache mno. Leo ni kituo cha urithi na utamaduni, na vitu vyake si vingi. Hakika mtu anayetaka fanicha za daktari atatoka na kiu. Lakini hakuna nyumba nyingine katika safari hii inayomlazimisha mgeni namna hii kufikiri juu ya kisichokuwapo, kwa kuwa kila kilichoizunguka kinaikanusha: paa ni za enzi nyingine, nyua ni za enzi nyingine, na nyumba ya daktari imesimama kati yake kama shahidi aliyebaki peke yake mahakamani. Maonyesho yanauzungumzia mtaa zaidi ya mwenye nyumba. Kwa uamuzi huo mmoja yanaizidi 8115, ingawa hayana hata sehemu ndogo ya wageni wake.

Kwa msomaji wa fasihi lipo pengo kubwa kuliko yote. Katika Mtaa wa Ray, nambari 111, Can Themba alikuwa na chumba alichokiita Nyumba ya Ukweli, ambako waandishi wa jarida la Drum walikunywa, wakabishana na kusomana. Chumba hicho kilivunjwa pamoja na mji. Bloke Modisane, mwandishi mwingine wa kundi hilo, alifungua tawasifu yake ya 1963 kwa kifo cha Sophiatown, na ukumbi wa kurasa hizo una uzito kuliko jengo lolote lililohifadhiwa jijini. Jiji lisilo na nyumba hata moja ya waandishi wake bora linaweza kulaumiwa kwa uzembe. Hapa uzembe si neno lenyewe. Nyumba hiyo ilivunjwa kwa amri.

Hatua chache kutoka nyumba ya Xuma lipo Kanisa la Kristo Mfalme, lililonusurika pia. Humo ndimo alimohudumu Padri Trevor Huddleston kuanzia 1943, aliyeupinga uhamishaji hadi wakubwa wake walipomwita arudi Uingereza. Waswahili wanamjua kwa upande mwingine: kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, akauona uhuru wa nchi hiyo kutoka huko. Kituo kilichomo Empilweni kinaendeshwa chini ya jina lake. Alipofariki 1998 hakuzikwa Uingereza alikozaliwa. Majivu yake yaliletwa Sophiatown, yakawekwa penye kanisa hilo, katika mtaa ambao waumini wake walikuwa wameshahamishwa zaidi ya miaka arobaini.