Pongezi kwa wenye Dunvegan

Ukoo wa MacLeod umeishi katika ngome ya Dunvegan, kisiwani Skye huko Uskoti, kwa takribani miaka 800. Mpaka mwaka 1748 iliingiwa kwa lango moja tu, lililotazama bahari. Adui ilimbidi kwanza atafute mashua.

Ndani imetundikwa bendera ya hariri, kuukuu, imeshonwashonwa, nyuma ya kioo. Masimulizi ya ukoo yanadai ni zawadi ya jini. Ipo pia pembe ya ng'ombe ambayo chifu mpya hujaziwa mvinyo, aunywe wote kwa mkupuo. Uchifu nao una kazi zake!

Lakini anayestahili kuvuliwa kofia ni Norman, chifu wa 25. Viazi vilipoozea shambani na njaa kuikumba Skye miaka ya 1840, alitoa mali yake kulisha watu hadi akafilisika, akafunga virago kwenda London kufanya kazi ya ukarani. Enzi hizo mabwana wengi wa nyanda za juu waliwatimua wapangaji wao ili wafuge kondoo.

Mwaka 1935 uchifu ulishikwa na mwanamke, Flora MacLeod. Uzeeni alisafiri hadi Australia na Marekani akiwatafuta wana ukoo waliotawanyika. Alifariki 1976, akiwa na miaka 98.